Raba Tatu za Shangazi

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua imeanza leo kwa nguvu zote, na Shangazi ameanza kupiga mateke.

Kwa atakayeliokota daftari hili nikishasahau nililiweka wapi: Shangazi si ndugu yetu. Ni gari, kigari cha mizigo kilichomzidi umri mwanangu wa kwanza. Tulimpa jina hilo kwa sababu hulalamika kila anapoamshwa, lakini hajawahi kukataa kuja kwenye shida. Mimi ndiye dereva wake. Nina miaka hamsini na miwili na magoti mawili yanayojua mvua kabla ya redio. Mume wangu hufuga kuku mia mbili na ushee, nami hupeleka mayai mjini kila Jumatano na Jumamosi, trei ishirini kila safari, kwa Mama Mikate mwenye tanuri ng'ambo ya daraja.

Leo nilipoachia klachi kwenye kona ya shule, injini iliruka. Sitii chumvi. Iliruka kama mtu aliyekalia msumari, ikagonga chini gubu! na mkono wa gia ukajitoa wenyewe kwenye namba mbili. Nikaurudisha. Ukajitoa. Nikaushika hivyo hivyo mpaka nyumbani, kama mama anayemshika mtoto mtundu kwenye foleni ya daktari.

Jumanne, 4 Aprili

Mvua. Mateke.

Jumatano, 5 Aprili

Mateke sita kwenda, manane kurudi. Mama Mikate amekuta mayai kumi na saba yenye nyufa. Aliyapanga mezani moja moja, kama mwalimu anayerudisha karatasi za mtihani kwa darasa lililofeli.

"Dada," akasema, "mimi ni mwoka mikate. Mayai ya kuvunja navunja mwenyewe."

Alhamisi, 6 Aprili

Nimempeleka Shangazi kwa fundi wetu. Tunamwita Taratibu, maana ndilo neno lake la kwanza na la mwisho, na ndio mwendo wake. Alitandika boksi lililokunjuliwa, akajilaza chini ya gari, akakaa huko muda mrefu hadi nikadhani amesinzia.

"Mama," sauti ikatoka chini, "raba za injini hakuna."

"Zimeibiwa?"

"Zimekwisha. Hapa kuna kumbukumbu ya raba."

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayepasha habari za msiba. Injini ya Shangazi imekalia raba tatu, mbili ubavuni na moja nyuma chini ya gia. Kazi zake ni mbili zinazogombana: kuishika injini isiruke, na papo hapo kuiacha itetemeke peke yake bila kututetemesha sisi. Zetu zimepasuka na kubaki vikombe vya chuma vyenye matambara meusi ndani. Mpya hazitengenezwi tena. Za magari mabovu amezitafuta tangu mwaka jana kwa wateja wengine, na zote zilikufa pamoja na magari yake.

"Kwa hiyo?"

"Taratibu, mama. Nifikirie."

Jumamosi, 8 Aprili

Mayai ishirini na mawili. Mama Mikate aliyapanga tena mezani, safari hii kwa safu mbili.

Jioni alikuja shemeji. Huyu ni mdogo wake mume wangu, na jina lake la nyumbani ni Mkurugenzi. Hajawahi kuwa mkurugenzi wa kitu, ila huongea hivyo, na ukimuuliza kama atakunywa chai hujibu, "Tutalitazama." Amenunua gari jipya, jeupe, lenye mlango wa nyuma unaojifungua wenyewe. Aliliegesha katikati ya uwanja wetu, akaomba glasi ya maji, akaiweka juu ya boneti.

"Shemeji, tazama hayo maji."

"Nimeyatazama."

"Yametikisika?"

"Hayajatikisika. Washa gari basi."

"Limewaka hilo!"

Nilijikuta nimecheka, nikajichukia. Kisha akaanza. Nimuuze Shangazi kwa wakata vyuma. Mayai atayabeba yeye. "Na wewe upumzike, shemeji. Kwa umri huu, barabara hizi?" Nikamwambia umri huu ndio uliomfundisha kufunga kamba za viatu. Mume wangu alikuwa akitazama kuku. Hata "eti" hakusema.

Jumapili, 9 Aprili

Mvua. Nimemnunia mume wangu. Sidhani kama ametambua.

Jumanne, 11 Aprili

Taratibu amefikiri. Tairi la lori! Alikata vipande vinene vya mviringo, akavipanga vitatu vitatu kama chapati, akavitoboa katikati na kupitisha bolti. Tuliinyanyua injini kwa jeki, kipande cha mbao juu yake ili tusiitoboe, tukachomoa vikombe vya zamani na kuchomeka vipande vipya. Nilishika tochi. Taratibu aliniambia niishike vizuri mara kumi na moja, kwa heshima, kila mara akiniita mama.

Vikombe vya zamani nimevileta nyumbani kwenye kapu la vitunguu. Mimi situpi kitu. Mwanangu husema nyumba yetu ni ghala lenye vitanda.

Jumatano, 12 Aprili

Injini hairuki tena. Haina hata nafasi ya kuruka, imeshikwa kama mwizi. Lakini sasa kila inachofanya inatufanyia sisi. Nikiwasha, usukani unawasha viganja. Kioo cha ndani kinaonyesha magari manne nyuma yangu kumbe ni moja. Nilipomsalimia polisi barabarani sauti ilitoka vipande vipande, akaniuliza kama nina homa.

Mayai ishirini na sita. Nyufa nyembamba kama nywele, hazionekani mpaka uyainue kwenye mwanga. Mama Mikate aliyainua yote.

Jumamosi, 15 Aprili

Leo ekzosi imepasuka kwa mtetemo. Niliingia mjini kwa mlio wa trekta. Watu walitoka madukani kuona nani anakuja, wakaona ni mimi na miwani yangu.

Mayai thelathini na moja. Mama Mikate alifuta mikono kwenye aproni, akaninong'oneza ili wasichana wake wa kazi wasisikie. Shemeji yangu alipita juzi. Alimwonyesha gari. Alimwonyesha na glasi ya maji. "Sina ubaya na wewe, dada. Miaka tisa si mchezo. Mwache alete yeye kwa sasa, wewe jitengeneze. Tarehe sita Mei, Jumamosi, uje wewe. Siku hiyo nitaamua nani ananiletea mayai, na nikishaamua sirudi nyuma."

Nikamwambia nitakuja. Nilisema kwa sauti kubwa mno kwa sababu ya ekzosi.

Narudi nyumbani nafikiri: alikwenda kwa Mama Mikate bila kuniambia. Na mume wangu je, alijua?

Jumapili, 16 Aprili

Leo nitaandika mpaka kalamu iombe msamaha.

Saa nne asubuhi, mvua ya rasharasha, shemeji ameingia getini na mgeni mwenye viatu vya mpira na futi ya kupimia. Hakunisalimia, alianza kumpima Shangazi. Urefu. Upana. Akapiga teke tairi. Akamwambia shemeji, "Chuma chake kizuri, magari ya siku hizi ni bati tupu. Ukikata hapa na hapa, unapakia mara mbili tu."

"Ukikata nini?" nikauliza kutoka jikoni.

"Shemeji, huyu amekuja kutazama tu," akasema Mkurugenzi.

"Anatazama kwa futi?"

Sikumbuki nilivyotoka. Nilikuwa na kanga kiunoni, sandali moja ya kwangu na moja ya mume wangu. Nilifungua mlango wa Shangazi, nikaingia, nikapandisha vioo, nikabonyeza vitasa vyote viwili. Kisha nikakaa. Basi. Sikuwa na mpango mwingine. Ufunguo wenyewe ulikuwa juu ya friji.

Mkurugenzi akagonga kioo. "Shemeji, hebu shuka tuzungumze kama watu wazima."

"Zungumza! Nasikia!"

"Gari hili limekufa!"

"Basi niko kaburini, niache nipumzike! Si ndicho ulichotaka?"

Mgeni alikunja futi, akakunjua, akakunja. Mvua ikazidi. Wakajibanza chini ya ukingo wa banda la kuku, mimi ndani nikitazama vioo vikijaa ukungu wa pumzi yangu, magoti yakipiga kelele, nikijiambia: mwanamke mzima, mama wa watu wazima, umejifungia kwenye gari bovu. Na nikajijibu: ndiyo, na sitoki.

Ndipo nikamwona mume wangu akija na mwavuli. Nikajua sasa anakuja kunitoa kwa maneno matamu. Akafika dirishani, akabisha kwa kidole kimoja. Nikateremsha kioo kidogo, upana wa barua. Akasema teremsha zaidi. Nikateremsha. Akapitisha kikombe cha chai.

"Sukari mbili," akasema.

Kisha akageuka kumtazama mdogo wake. Mume wangu hapandishi sauti, hata kuku wakitoroka huwaita kama anawaomba radhi. Alisema, "Gari lina mwenyewe. Na mwenyewe yumo ndani." Akafunga mwavuli, akarudi bandani akilowa.

Waliondoka. Nilikaa humo mpaka chai ikaisha, nikaongeza kidogo kwa ajili ya heshima.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimeacha kumnunia. Hili pia sidhani kama ametambua.

Jumanne, 18 Aprili

Wazo limenijia kwa jirani yetu fundi vioo. Alikuwa barazani kwake akibandua gundi nyeusi iliyoganda kwenye soli ya kiatu, ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Nikaiomba. Nikaibonyeza. Inabonyea kidogo, kisha inarudi. Nikaivuta, haikatiki. Si ngumu kama tairi la lori, si laini kama raba iliyochoka. Nikaona mbele yangu vikombe vitatu vya chuma kwenye kapu la vitunguu.

Jirani alinipa mirija minne na bastola yake ya kukamulia, kwa ahadi ya mayai. "Nikueleze inavyokauka?" akauliza.

"Najua, najua," nikasema. Naliandika hili makusudi, ili siku nyingine nikiwa karibu kusema najua, nije nilisome.

Taratibu alikuja. Tulisugua vikombe kwa brashi ya waya, tukaviosha kwa petroli, tukakamua gundi mpaka vikajaa pomoni. Taratibu akavitazama. "Mama, hii inaweza kuwa akili. Au inaweza kuwa keki." Ekzosi amekwisha kuichomea.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua. Gundi bado.

Ijumaa, 21 Aprili

Gundi bado.

Jumamosi, 22 Aprili

Shemeji amekuja kuchukua trei. Alizipakia upesi upesi, akaondoka kama ana mkutano. Asubuhi nzima nilizunguka jikoni nikishika mkono wa gia usiokuwepo. Gundi bado.

Jumatatu, 24 Aprili

Raba zangu hazipo rafu ya jikoni nilipoziweka. Nikapekua nyumba nzima nikitaja jina la shemeji kwa namna isiyofaa kuandikwa. Nimezikuta kwenye boksi la vifaranga, chini ya taa ya joto, kila moja imezungukwa na vifaranga waliolala. Tangu siku ya kwanza mume wangu huzihamishia huko nikimpa kisogo, na leo amechelewa kuzirudisha. Huzigeuza asubuhi na jioni, kama anavyogeuza mayai ya kuangua.

"Unyevu wa mvua hii," akasema, hanitazami. "Nimeona zikae pakavu."

Na mimi niliwahi kufikiri yuko upande wa ndugu yake. Nimemkaangia mayai matatu.

Jumatano, 26 Aprili

Mvua. Juu gundi ngumu, ukibonyeza ndani inacheza. Nimepita kwa shemeji kuchukua trei tupu, nikamkuta akisugua zulia la gari lake kwa sabuni. Akasema vumbi. Vumbi, kwenye mvua hii.

Alhamisi, 27 Aprili

Jirani fundi vioo amekuja kuchukua mayai yake. Mume wangu kwa fahari akampeleka kuona vifaranga, na raba. Nilisikia kicheko kikianza polepole, kisha kikakosa breki.

"Ninyi! Nani aliwaambia mkaushe kwenye joto?"

"Si gundi?" nikasema. "Gundi hukauka."

"Gundi hii haikauki, inaganda! Na inaganda kwa kunywa unyevu wa hewani. Mvua yote hii ya bure nje, ninyi mmeifungia na vifaranga kwenye taa!" Akachomeka msumari katikati ya raba, akautoa: mweusi, unanata kama asali. Siku tisa.

Mume wangu alishika kichwa. Nilimwona uso unavyoshuka, mtu mzima aliyegeuza raba mara kumi na nane kwa upendo, na kila mara anaharibu. Nikawahi kusema, "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema najua."

Jirani akatufundisha. Chokoa yote itoke. Jaza safu nyembamba, kidole kimoja tu. Weka barazani, mvua isiipige lakini pumzi yake iifikie, na kitambaa chenye maji kando. Kesho safu nyingine. Leo ni tarehe ishirini na saba. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa vidole vya mume wangu. Inatosha, mvua ikiendelea.

Ijumaa, 28 Aprili

Safu ya pili. Mvua. Asante.

Jumamosi, 29 Aprili

Jua! Mji mzima unafurahi, wameanika mpaka magodoro. Mimi na mume wangu tumekaa barazani tukinyunyizia maji kando ya raba kama watu wanaootesha vyuma. Mpita njia ameuliza tunapanda nini.

Jumapili, 30 Aprili

Mvua imerudi. Nimepiga makofi peke yangu. Safu ya nne.

Jumatano, 3 Mei

Msumari umeingia kwa shida na kutoka mweupe.

Shemeji alitakiwa kuja saa tatu. Saa moja nimefungua dirisha, gari lake lilikuwa tayari getini, yeye ndani, mikono kwenye usukani, anatazama vifuta mvua vikienda na kurudi. Nikadhani ananipeleleza. Kisha nikatazama zaidi. Hakuwa na simu mkononi. Amevaa shati la kazi, limepigwa pasi, na kazi ya kwenda hana. Gari jipya lote lile, na mzigo pekee alionao duniani ni mayai yangu. Ndiyo maana ya futi. Ndiyo maana ya glasi ya maji.

Nimemwonea huruma, nimempelekea chai. Mayai yangu simwachii.

Alhamisi, 4 Mei

Tumefunga raba. Taratibu alikaza bolti nusu, akaiacha injini ikae yenyewe inavyotaka, akaiwasha, ikajitikisa kama kuku anayejipanga kwenye kiota. Ndipo akakaza kabisa. "Tulipoweka tairi tulikaza kwanza," akasema. "Tuliilazimisha." Hilo la kukaza mwisho hakuniambia nani kamfundisha.

Nikaendesha mpaka kona ya shule. Nikaachia klachi. Hakuna teke. Namba mbili imekaa mahali pake kama mtoto aliyetishiwa. Gari likisimama bado linatetemeka, chini kwa chini, unalisikia makalioni. Likitembea limetulia.

"Mtetemo huo hautoki, mama," akasema Taratibu. "Hii ni ngumu kuliko ya kiwandani."

"Hata mimi," nikamwambia.

Jumamosi, 6 Mei

Trei ishirini. Nilizifunga mwenyewe. Mvua kubwa, barabara ya daraja imechimbika mpaka unaona mawe ya babu zetu. Mume wangu alikuja nami kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, akakaa nyuma na mayai. Nikamwuliza mbona huko. Akasema huko ndiko kwenye abiria.

Kwenye shimo kubwa kabla ya daraja niliingia kwa gia ya kwanza, polepole, nikaachia klachi kwa upole wote niliobakiza maishani. Nikangoja gubu. Sikusikia. Nikasikia mume wangu nyuma akipiga mluzi.

Mama Mikate alizima redio. Aliinua yai moja moja kwenye mwanga, mia sita yote, na mkate ukiungua nyuma yake hakugeuka. Wasichana wake walisimama wametazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Leo vilikuwa vyote vyangu.

"Mawili," akasema mwishowe.

"Mawili ya nini?"

"Yana nyufa." Akayavunja hapo hapo kwenye bakuli la unga, moja mkono huu, jingine mkono ule. "Shemeji yako Jumatano alileta arobaini na manne. Gari lake laini, dada. Mguu wake ndio mzito."

Nikangoja aseme zaidi. Akawasha redio. Akaonyesha kona ya chumba kwa kidevu, pale nilipokuwa nikiweka trei tangu mwaka wa kwanza, na sasa pamepangwa mifuko ya unga.

"Hiyo mifuko isogezeni," akawaambia wasichana. "Mnamzibia dada mahali pake."

Jumapili, 7 Mei

Nimelala mpaka saa mbili. Magoti hayajasema kitu.

Jumamosi, 13 Mei

Mvua inaaga. Leo nikitoka na mayai nimemkuta shemeji kando ya barabara, boneti juu. Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi na gari limekataa kuwaka. Kipande kinaagizwa, wiki tatu. Aliniona akajifanya anasoma kitabu cha maelekezo. Kilikuwa juu chini.

"Panda," nikamwambia.

"Nasubiri fundi, shemeji."

"Fundi ni Taratibu. Panda."

Akapanda, ameshika begi mapajani. Nimemwambia njiani kwamba shule ile ya bweni ng'ambo ya daraja inatafuta mtu wa kuwaletea mboga kila asubuhi, na mboga hazina nyufa. Hakusema "tutalitazama." Alisema ahsante, kwa sauti ndogo niliyokuwa simjui nayo.

Tukafika kwenye taa za barabarani, nyekundu, nikasimama. Shangazi akaanza mtetemo wake. Kioo kinacheza, begi la Mkurugenzi linacheza, mashavu ya Mkurugenzi yanacheza. Akajikaza, akajikaza, akashindwa.

"Lakini shemeji, mtetemo huu! Utaishi nao hivi hivi?"

"Nitaishi nao hivi hivi. Anayeudhika na ashuke atembee."

Taa ikageuka kijani. Nikaachia klachi. Hakushuka.